Wafumaji wenzangu, macho yanachoka ila kroshia siachi, nihamie kwenye nini?

mama_vitambaa: Habari za leo wadau. Mimi nafuma tangu niko shule ya msingi, mama alinishikisha kroshia tukiwa tumekaa barazani na mpaka leo siwezi kuangalia taarifa ya habari mikono ikiwa mitupu. Nimefuma vitambaa vya makochi, vya meza, vya stuli, vya kufunikia redio enzi hizo. Ninachokipenda zaidi ni maua ya nanasi, pale unapoona zile cheni zinapungua mstari kwa mstari mpaka ncha inajifunga yenyewe, raha yake mi siwezi kuielezea. Sasa shida uzi mwembamba na kroshia ya milimita 1.25 usiku sioni kabisa. Watoto wanasema nipumzike. Jamani nipumzike nikafanye nini?

fundi_uzi: Usiache dada! Hamia kroshia ya milimita 4 au 5 na nyuzi nene, chagua rangi za mwanga maana nyeusi na bluu iliyokolea hata kijana mwenye macho mazima inamtesa. Huo mwembamba ufume mchana karibu na mlango.

Bi_Pwani: Naongezea hapo, kama uko Dar au Mombasa nyuzi za sweta kwa joto hili utazichukia, tafuta uzi wa pamba mnene. Na ukifuma duara kwa mishono mifupi anza na 6 halafu kila mzunguko ongeza 6, mishono mirefu ni 12 na 12. Ukiona kazi inajikunja kama bakuli ujue umeongeza kidogo, ukiona pembeni inafanya mawimbi umezidisha. Na hayo mawimbi msiyadharau, mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina wa chuo kikuu cha Cornell Marekani aliyafuma makusudi kwa kroshia, akaongeza mishono kwa uwiano uleule mwanzo mwisho, ili wanafunzi waishike mkononi jiometri ambayo kwenye karatasi ilikuwa inawasumbua. Kwa kweli nilipolijua hilo nilifurahi mno.

kaka_kofia: Shikamoo mama. Mi mwanaume na nafuma, nyumbani walishazoea. Naomba nikwambie kitu kimoja, vile vya zamani usivigawe ovyo, viloweke kwenye wanga mwepesi, vinyooshe juu ya taulo uvibane na pini mpaka vikauke, nanasi linasimama upya. Vile vya dukani mashine inaiga tu, kroshia yenyewe ni mkono wa mtu, na mtu akitaka kununua mtajie bei ya siku ulizokaa, sio bei ya uzi.

mama_vitambaa: Marahaba mwanangu. Asanteni sana wote, nimepata nguvu. Bi Pwani, huo uzi wa pamba mnene Kariakoo unauzwa kwa bonge au kwa kilo? Nataka nianze na blanketi la mjukuu.

Bi_Pwani: Kote kote, ila wewe chukua mabonge yote siku moja, ukirudi wiki ijayo rangi inaweza isifanane.