Mlima Kilimanjaro unaonekana saa ngapi jioni?

Mgeni Moshi: Habari zenu wadau. Siku ya tatu nipo Moshi, naona mawingu tu. Jana saa kumi na mbili na nusu nanunua ndizi barabarani, mara mawingu yakaachana, kilele kikuu cha Kibo hicho, theluji yake rangi ya waridi! Nilisimama na chane mkononi mpaka giza. Ni kila jioni?

Wa Kibosho: Karibu sana. Si kila siku. Mchana jua likipasha msitu, unyevu unapanda, mawingu yanaufunika mlima. Jioni hewa ikipoa yanashuka. Jaribu alfajiri pia.

Mama Wawili: Ukishaiona Kibo, geukia kulia: Mawenzi, kilele cha pili, mita 5,149, imechongoka kama msumeno. Naipenda zaidi.

Mgeni Moshi: Asanteni. Leo nipo palepale.