Tupeane uzoefu: kilomita ni zilezile, saa hazilingani

Wakuu, watu wengi wakitaka kujua ndege itachukua muda gani, wanachukua kilomita, wanagawanya kwa 900 (mwendo wa ndege kwa saa), wamemaliza. Angani mambo hayaendi hivyo. New York na London zimeachana kama kilomita 5,570. Ukitoka London unakaa saa 7 na nusu hadi 8, ukirudi huko zinapungua saa nzima au zaidi, kwa sababu huko juu kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kwenda mashariki. Februari 2020 upepo ulichachamaa mpaka ndege ya abiria ikatoka New York ikatua London chini ya saa 5!

Waliokwenda mbali, tiketi ilisemaje na mwili ulionaje?

Mzee wa Dirishani:
Mkuu, mimi ni Helsinki–Tokyo, kilomita kama 7,800. Zamani ndege ilikatiza juu ya Urusi, saa 9 na ushee mmefika. Tangu 2022 mashirika ya Ulaya yanazuiwa kupita anga hiyo, kwa hiyo ile niliyopanda ilishika kaskazini moja kwa moja, ikavuka Ncha ya Kaskazini, ikashukia upande wa Alaska. Saa 13! Kwenye skrini kile kindege kinapanda tu juu ya ramani, jirani yangu akaniuliza kama rubani yuko sawa. Tulipewa na cheti cha kuvuka Ncha. Cheti kizuri, ila miguu ilivimba, viatu vikagoma kuingia.

Tabibu Mstaafu:
@Mzee wa Dirishani soksi za kubana, maji, na unyanyuke utembee. Kuvimba kidogo ni kawaida. Ukivimba mguu mmoja halafu unauma, usikae nao nyumbani, wahi hospitali, huenda damu imeganda.

Mama Wawili:
Singapore–New York, zaidi ya kilomita 15,000, karibu saa 19 bila kutua popote. Nimewahi kuipanda peke yangu, sina neno. Zile ndege hazina hata daraja la kawaida, kwa hiyo bei jiandae. Na watoto? Hapana jamani. Napita Frankfurt, safari inafika kama siku nzima, lakini wanashuka, wanakimbia ukumbini, wanarudi kwenye kiti wamechoka wenyewe. Wanaosema moja kwa moja ndiyo bora siku zote hawajakaa na mtoto wa miaka miwili mwenye usingizi wa mang'amung'amu.

Jana na Leo:
Tokyo–Honolulu nyie! Nimeondoka saa 3 usiku, nikatua saa 3 asubuhi ya siku ileile, maana mnavuka mstari wa tarehe, ule wa katikati ya Pasifiki ambao ukiuvuka kwenda mashariki unarudi siku moja nyuma. Ndege yenyewe ni kama saa 7. Raha ikaishia mapokezi ya hoteli: chumba mpaka alasiri. Nikasinzia kwenye kochi na begi mapajani.

Mkuu aliyeanzisha:
@Jana na Leo lipia na usiku wa kuamkia siku hiyo, chumba kikusubiri. Na wageni wa safari hizi mjue kwamba saa za kwenye tiketi ni za mahali husika, kuondoka kwa saa za huku, kufika kwa saa za kule. Usitoe moja kwa nyingine kabla hujasawazisha.

Waliopanda Perth–London, zile saa 17, mko wapi?