PCM nina D, E na S: nirudie mtihani au niende ufundi?

Kijana wa Rangi Tatu
Shikamooni wakubwa, vijana wenzangu habari zenu. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu. Fizikia D, Kemia E, Hisabati S. Mjomba anataka nirudie mtihani, kwake digrii ndiyo heshima ya ukoo. Mama ana genge hapa Mbagala, hasemi kitu, ila namwona anavyohesabu hela usiku. Mimi tangu nimalize kidato cha nne namfuata fundi umeme wa mtaani, na kazi ile naipenda kweli. Nimekwama, naombeni ushauri.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba mwanangu. Digrii inataka prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4. D ni 2, E ni 1: una 3. Umekosa pointi moja tu, mjomba naye ana hoja. Ila prinsipo moja na S moja, ile alama iliyo chini ya E, zinatosha kuomba stashahada, na ukimaliza na GPA (wastani wa alama) nzuri unaomba digrii kwa njia hiyo.

Waya Mwekundu
Dogo, mimi nimepita chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe. Muulize huyo fundi wako: nyumba ikishafungwa waya, nani anasaini fomu ya TANESCO, shirika la umeme? Mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Asiye nayo anatoboa kuta wiki nzima, halafu anamtafuta mwenye muhuri na kumlipa. Na leseni inataka cheti. Usiishie kubeba ngazi.

Mama Pendo
Hela: tangu 2023/24 HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, inakopesha na wa stashahada, ila fani za kipaumbele tu, soma mwongozo kwanza. Halafu nakusihi, chuo chochote kitafute kwenye orodha ya NACTVET, baraza linalosajili vyuo vya ufundi, kabla hujalipa. Mdogo wangu alisoma miezi minane kwenye chuo cha ghorofani, kumbe hakina usajili. Ada haikurudi. Mpaka leo inaniuma.

Kijana wa Rangi Tatu
Asanteni sana. Mwalimu, DIT, ile Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam pale Bibi Titi, naweza kujaribu?

Mwalimu Mstaafu
Stashahada ya umeme wanayo. Nenda ofisi ya udahili na matokeo yote mawili, maana ya kidato cha nne nayo watayataka. Na mjomba nenda naye, asikie mwenyewe.