Kumpeleka kogo (nyanya yangu) museum ya Nairobi, atafurahia ama nitampotezea siku?

mtu_wa_umoja
Wadau habari. Kogo wangu amekuja Nairobi kutoka Bomet kwa kliniki ya macho na tumebaki na Jumamosi moja ya bure kabla arudi. Ana miaka 81, goti moja linamsumbua, Kizungu hasomi. Mara ya mwisho nilimpeleka mall akakaa kwa benchi akaniuliza hawa watu wote wanatafuta nini. Sasa nafikiria ile museum ya Museum Hill lakini mimi nilienda nikiwa darasa la sita na chenye nakumbuka ni nyoka na kusukumana kwa basi ya shule. Kuna kitu ya mtu wa rika lake huko ama nimwachie tu tivii?

kangemi_juu
Mpeleke. Lakini usipande mat, ukishukia pale raundabauti bado kuna kamlima na hilo goti litakulaani, shika teksi mpaka getini. Malipo ni eCitizen, keshi hawataki, so beba kitambulisho chake mlipe bei ya Mkenya. Ndani kuna vibuyu vya makabila mbalimbali, anzia hapo na usimharakishe. Halafu uani kuna sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit Mzee Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais 1970, akakufa 1974. Muulize kama alimsikia kwa redio, shosho yangu alianza hadithi hapo tukakaa nusu saa na jua ilikuwa inawaka!!

mchimba_chimba
Msiruke chumba cha mafuvu jameni, watu hupita hapo mbio wakienda kwa nyoka. Kuna Kijana wa Turkana, mifupa ya mtoto wa miaka kama milioni 1.5 iliyopita, na mwenye alimwona si mzungu, ni Kamoya Kimeu, Mkamba, 1984 huko Nariokotome. Siku yenyewe ilikuwa ya kupumzika, wenzake wako kempi, yeye akatoka kutembeatembea akaona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto za rangi ileile. Mimi hata funguo kwa meza siioni.

mtana_river
Mi museum huwa zinanikasirisha kidogo, vitu vya watu vimenyamaza ndani ya kioo. Lakini sisi Wapokomo ngoma yetu kubwa, ngadji, ilichukuliwa na Waingereza 1902 na iko British Museum mpaka leo, so kama kibuyu cha kwenu kiko Museum Hill shukuru, angalau unakifikia na nauli ya mat. Vitu vya mila, kuzaliwa, tohara, ndoa, viko juu ghorofani. Pandeni pole pole.

mtu_wa_umoja
Tumerudi jana jioni, nawapa ripoti. Ahmed alimpita tu, akasema ndovu ni ndovu. Kwa yule kijana wa Turkana alisimama kimya kitambo halafu akaniuliza, "Na mama yake alipatikana?" Nikakosa jibu.

Kazi ilianza kwa vibuyu. Aliona sotet, kile kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuchachuka, akainama mpaka pua karibu iguse kioo kana kwamba atainusa, akaanza kulalamika kwa Kipsigis na sauti ya sokoni eti hii haijasuguliwa na mkaa wa mti wa senetwet siku nyingi, imekauka, itapasuka. Mama mmoja wa usalama akakuja, nikajua tunafukuzwa, kumbe yeye ni Mnandi, ameelewa kila neno! Wakaanza kubishana mursik ya nani ndiyo tamu, wale watoto wa shule wakaacha mwalimu wao wakatuzunguka sisi, mimi natafsiri nikitoa jasho.

Nyoka alikataa, anasema ameua wa kutosha.

Sasa leo asubuhi ananisumbua nimtafutie namba ya mkubwa wa huko. Nyumbani ana kibuyu cha mama yake, bado kinatumika, na anataka kuwaletea. Nikamwambia kogo hiyo ni roho safi, watashukuru sana. Akaniangalia vibaya. "Nani amesema ni ya bure?"