YAH: Pizza ya mboga siku ya Ijumaa, likizo Kigoma bila oveni

Kutoka: Mama Mapacha, Leicester

Wana-Kigoma wenzangu, salaam. Wakubwa shikamooni.

Tunakuja nyumbani mwishoni mwa Julai, shule za huku zikishafungwa. Tutafikia Ujiji kwa bibi wa mapacha wangu. Nina swali ambalo najua kaka zangu humu watalicheka, lakini nauliza hivyo hivyo.

Ijumaa jioni kwetu ni pizza ya mboga. Si ya kununua. Unga naukanda mchana, mapacha wakirudi kila mmoja anapewa donge lake, analisukuma mwenyewe, anapanga mboga anavyotaka, na marufuku kugusa ya mwenzie. Ndiyo siku pekee ya juma wanayokula hoho na bilinganya bila kesi. Sasa wameuliza, "Na kwa bibi tutapika?" Nimejibu ndiyo. Kwa bibi kuna jiko la mkaa na jiko la gesi la plate mbili. Oveni hakuna.

Naomba ushauri: nibebe nini kutoka huku? Hamira? Lile jiwe la kuokea? Na jibini linapatikana Mwanga, hapo Kigoma mjini, au nijipange vingine?

Kutoka: Kaka Mkubwa, Minneapolis

Mdogo wangu, watoto wanapanda ndege mbili au tatu mpaka Kigoma, ziwa lile pale, migebuka inatoka Kibirizi bado inang'aa, wewe unataka kuwapikia pizza? Wape ugali wa muhogo. Mwaka mzima wanakula ngano.

Nasema kwa upendo.

Kutoka: Mama Mdogo, Mwanga (zamani Malmö)

Mama Mapacha, marahaba mwanangu. Huyo kaka yako mwache. Ukimwekea mbele atakula vipande vitatu kisha aulize kama kuna dagaa wa kushushia.

Nimerudi huku na watoto waliozaliwa Sweden, kwa hiyo hili nalifahamu kwa mikono. Jiwe la kuokea acha, ni kubeba mzigo wa bure. Unga acha. Hamira acha pia, ipo karibu kila duka, maana mji huu asubuhi unaamkia maandazi. Kitu cha maana cha kubeba ni kile kigurudumu cha kukatia, na hata badala ya hicho kisu kikali kinatosha.

Nianze na moto, kwa sababu huko ndiko pizza ya huku inakofia. Watu wanadhani shida ni kukosa oveni. Shida ni kukosa moto wa juu. Wale wapishi wa Naples, ambao ufundi wao UNESCO iliuingiza mwaka 2017 kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, wanaoka kwenye tanuri la kuni linalopita nyuzi 400 za Selsiasi, dakika moja na nusu imeiva. Oveni yako ya Leicester nadhani inaishia 250. Sufuria yetu nayo ina moto wake, na kina mama wa Ujiji wameokea keki za harusi humo kabla mimi na wewe hatujazaliwa.

Tafuta sufuria nene, pana, ya kupikia pilau la watu wengi. Bibi anayo, muulize ile ya shughuli. Tandaza mchanga mkavu chini, kimo cha vidole viwili, au weka vijiwe vitatu vinavyolingana. Funika kwa sinia la bati au mfuniko bapa, si ule wa mgongo wa kobe, maana makaa yatateleza. Weka jikoni ikiwa tupu kwa robo saa na zaidi, ishike moto kwelikweli. Kisha makaa uyagawe: theluthi moja ibaki chini, theluthi mbili zipande juu ya mfuniko. Watu hufanya kinyume, halafu wanalalamika kwamba chini imeungua na juu bado ni unga.

Pizza iweke kwenye treya ya bati iliyopakwa mafuta, iingie sufuriani bila kugusa kuta. Dakika kumi usifunue. Kila ukifunua unatupa moto. Baada ya hapo chungulia. Kwa kawaida kati ya dakika 12 na 15 ukingo umeshakuwa na madoa ya kahawia. Pizza zisizidi upana wa sahani, na zipikwe moja moja. Kwa watoto hilo ni neema: wakati moja inaokwa, mwingine anapanga.

Kipimo changu: nusu kilo ya unga wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha hamira, kimoja na nusu cha chumvi, vijiko viwili vya chakula vya mafuta, maji ya vuguvugu kikombe kimoja na robo. Kanda dakika kumi hasa, mpaka donge liache kunata mkononi. Hiyo inatoa madonge manne. Malmö nilikuwa naweka bakuli juu ya kipasha joto na bado nasubiri saa mbili. Huku saa moja inatosha, na mchana wa jua kali hata haifiki, kwa hiyo usikande saa sita ukitegemea kupika magharibi. Ukichelewa, donge litachacha na kunuka pombe, na bibi atakuuliza unapika nini.

Julai ni kiangazi. Mboga zipo, kwa sababu mabondeni wanamwagilia. Za bonde la Luiche zinaingia Ujiji asubuhi. Uyoga wa porini usiutafute, unakuja na mvua. Sitaki kusikia umeununua kwa mtu usiyemjua.

Kutoka: Kaka Mkubwa, Minneapolis

Haya, nimenyamaza kwenye suala la ugali. Lakini hilo la makaa juu ya mfuniko nimelipenda. Hapa nyumbani oveni yangu inapasha upande mmoja. Nina jiko dogo la mkaa la kuchomea nyama, naweza kuliwasha jikoni na dirisha wazi?

Kutoka: Mama Mdogo, Mwanga

Hapana. Hapana tena. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na nyumba za huko zimezibwa kila ufa kwa ajili ya baridi. Dirisha moja halitoshi. Kila majira ya baridi kuna watu huko ughaibuni wanaokufa usingizini kwa kuwasha mkaa ndani. Hata hapa kwetu jiko la mkaa liko uani au barazani, na si kwa sababu ya masizi tu.

Kwa oveni yako: chukua treya nzito, igeuze kichwa chini, iweke rafu ya juu, washa moto wa mwisho kabisa nusu saa kabla. Pizza iteleze juu ya hiyo treya ikiwa moto. Nusu ya muda igeuze, upande ulio nyuma uje mbele. Jiwe la kununua halihitajiki hapo pia.

Kutoka: Dada wa Kasulu, Aarhus

Habari za jioni wote. Naongezea kwenye mboga, kwa sababu Mama Mdogo amezipita mbio.

Pizza ya mboga inaharibiwa na maji. Nyama ina mafuta, inajikaanga yenyewe pale juu. Mboga inatoa maji na mkate unageuka uji. Kwa hiyo hakuna mboga inayopanda mbichi, isipokuwa kitunguu kilichokatwa jani jani na hoho nyembamba sana. Bilinganya ikate duara nyembamba, inyunyizie chumvi, iache nusu saa, ikamue kwa viganja, kisha ikaange kidogo. Mchicha utie maji ya moto, utoe, ukamue mpaka uhurumie mikono. Karoti ikwaruze na uikaange pamoja na kitunguu.

Nyanya chagua zile ndefu ngumu, hazina maji mengi kama za duara. Zikwaruze, maganda yabaki mkononi, pika na kitunguu saumu mpaka mafuta yajitenge. Ukiona rojo inatiririka kwenye mwiko, bado. Upake nyembamba, mkono wa mtoto utataka kumwaga bakuli zima, umdhibiti hapo.

Nyanya chungu nilijaribu kwa wanangu. Walizitoa moja moja wakazipanga ukingoni mwa sahani kama ushahidi mahakamani. Bibi yao alizila zote na kusema ndiyo sehemu pekee yenye ladha.

Jibini: mozarela, lile la pizza linalovutika nyuzi, sijaiona katika maduka ya kawaida ya Kigoma, na hata ukiiagiza kutoka Dar es Salaam, safari yenyewe ni ndefu na barafu haisubiri. Tengeneza. Maziwa fresh lita mbili, yachemshe mpaka yaanze kupanda, epua, tia maji ya limau vijiko vinne au vitano vya chakula huku unakoroga polepole. Yatakatika, mabonge yakijitenga na maji ya kijani-njano. Chuja kwa kitambaa cheupe safi, funga, kandamiza chini ya kitu kizito kwa saa moja. Unapata robo kilo na ushee, inatosha pizza nne. Tia chumvi.

Waambie mapacha mapema kwamba hili haliyeyuki wala halivutiki nyuzi. Jibini la limau linashika umbo lake hata kwenye moto; linapata rangi ya kahawia tu na kuwa na ukali mtamu. Lile la kuvutika linagandishwa kwa kimeng'enya, yaani dawa ya kugandishia maziwa, halafu linakandwa kwenye maji ya moto. Wanangu walinuna Ijumaa ya kwanza. Sasa hata huku Aarhus wanalidai.

Na ukirudi, usibebe maziwa wala jibini wala nyama kwenye sanduku. Forodha za Ulaya na Uingereza haziruhusu vitu hivyo kutoka kwetu, wanavitupa mbele ya macho yako.

Kutoka: Mama Mapacha, Leicester

Asanteni sana. Dada wa Kasulu, hapo kwenye jibini umeniokoa.

Mama Mdogo, jambo moja limebaki na ndilo linanisumbua kuliko sufuria. Mama yangu hapendi kila mtu na sahani yake. Kwake mnakula sinia moja, basi. Mapacha nao utamu wao wote ni "yangu na yako". Nimeshaona ugomvi utakapotokea.

Kutoka: Mama Mdogo, Mwanga

Hilo ndilo swali la kweli, na ningeshangaa usingeuliza.

Kwangu mama mkwe alitazama watoto wamekaa kila mmoja amekumbatia pizza yake, akaniuliza mbele yao: "Hawa ni ndugu au wapangaji?" Sikujibu. Ijumaa iliyofuata tulibadilisha kitu kimoja. Kila mtoto anaendelea kusukuma donge lake na kupanga anavyotaka, hapo hapaguswi. Ikitoka motoni inakatwa, na vipande vyote vinapangwa sinia moja pamoja na vya wengine. Mwenye pizza anasimama aitangaze: hii yangu, nimeweka hoho na karoti, pilipili ipo upande huu. Kisha wote mkono mmoja, mnakula.

Wakubwa wangu waligoma. Mdogo ndiye aliyegundua kwamba kusifiwa na watu wanane ni kutamu kuliko kula peke yako, na tangu hapo wanashindana kwa mapambo. Yupo anayeandika herufi yake kwa vipande vya hoho ili hata ndani ya sinia ijulikane.

Halafu mpe bibi donge lake. Usimfanye mgeni rasmi wa kuonja. Mwulize angeweka nini. Mama mkwe wangu aliweka kisamvu. Kisamvu kilichotwangwa, kikapikwa jana yake na mawese mpaka kikakauka, akakitandaza bila nyanya, bila jibini, na kitunguu juu. Nakwambia ukweli, ndiyo pizza bora inayotoka kwenye ile sufuria. Kisamvu cha kulala kimeshamaliza maji yake, na ule uchachu mdogo wa hamira unapatana nacho.

Mawese yapake ukingoni baada ya kuiva, si kabla. Yakipigwa moto mkali yanapauka wekundu na harufu yake nzuri inakwenda. Kijiko kimoja kinatosha pizza nzima. Mkibeba chupa kwenda nayo huko, yatagandia chupani kwa baridi. Hayajaharibika, weka chupa kwenye maji ya moto kidogo.

Kutoka: Kaka Mkubwa, Minneapolis

Kisamvu juu ya pizza. Mngeanza na hilo tusingebishana. Huku kisamvu kinauzwa kimetwangwa na kugandishwa, kwenye maduka ya Waafrika. Nikiyeyushe kisha nikipike, au nikipike kikiwa na barafu yake?

Kutoka: Dada wa Kasulu, Aarhus

Kaka, kiyeyushe, kikamue, kisha ukichemshe vizuri bila kufunika kwa nusu saa au zaidi ndipo utie mawese na kitunguu. Muhogo una sumu yake ya asili kwenye majani. Kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoiondoa, na pakiti nyingi zimetwangwa tu, hazijapikwa. Dakika 12 za oveni hazihesabiki. Soma nyuma ya pakiti.

Kutoka: Mama Mapacha, Leicester

Nimeongea na mama kwa simu. Sufuria ya shughuli ipo, iliazimwa na jirani, anaifuata kesho. Amesema kisamvu atapika yeye, mimi nishughulike na "hayo maunga". Na ameuliza kama pizza inaliwa na chai ya maziwa au ya rangi. Nimemwambia ya rangi. Mnasemaje?

Kutoka: Mama Mdogo, Mwanga

Ya rangi, yenye tangawizi.