Sijatia saini na sitatia: hii "jeti ndogo kuliko zote duniani" haijapimwa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kuna mtu ametangaza kwamba jeti aliyoiunda mwenyewe nyumbani ndiyo ndogo kuliko zote duniani zinazobeba binadamu. Jina lake silitaji, wala la ndege yake, maana nataka tujadili dai lenyewe. Lakini kwenye tangazo hilo, chini ya neno "mashahidi", kuna jina langu. Mimi niliyekwenda kule kwa mwaliko wake, nikakaa saa sita ndani ya hanga, nikaomba ndege ipandishwe kwenye mizani mbele ya macho yangu, nikakataliwa, nikaondoka bila kutia saini karatasi yoyote.

Tangu nikanushe hadharani naitwa mwenye wivu. Haya, nitaeleza nilichoona na nilichokikataa. Atakayenipinga anipinge kwa namba.

Tuanze na neno lenyewe, "ndogo". Ndogo kwa nini? Kwa upana wa mabawa, kwa urefu, au kwa uzito? Hili swali ndilo lililoleta mzozo wa miaka mingi kwenye ndege za propela, na mtu anayedai rekodi bila kulijibu hajui anachodai. Mwaka 1952 Ray Stits, mbunifu wa ndege wa Marekani, alikuwa na Sky Baby, ndege ya mabawa mawili ya juu na chini, yenye upana wa mita 2.18. Mwaka 1984 Robert Starr akaja na Bumble Bee, kisha Bumble Bee II yenye upana wa mita 1.68 na urefu wa mita 2.69. Mwaka huohuo familia ya Stits ikatoa Baby Bird, yenye bawa moja, upana mita 1.91. Nani mshindi? Ilibidi watenganishe makundi: ndege ya mabawa pacha kivyake, ya bawa moja kivyake. Bila kutenganisha hivyo wangekuwa wanabishana mpaka leo.

Sasa shikeni hesabu hii, maana ndiyo kiini cha uzi huu. Bumble Bee II, tupu, ilikuwa na kilo 179 na ushei. Cri-Cri ya Mfaransa Michel Colomban, iliyoruka mara ya kwanza Julai 1973, ina mabawa ya mita 4.9, karibu mara tatu ya yale ya Starr, na bado ndege tupu ina kilo 78 pamoja na injini zake mbili. Yaani yenye umbo dogo ndiyo nzito, na yenye umbo kubwa ndiyo nyepesi, tena chini ya nusu ya uzito wa mwenzake. Ukisema "ndogo" bila kutaja kipimo hujasema kitu.

Kwa jeti, rekodi inayotajwa sana ni ya uzito. Ni ya BD-5J, toleo la jeti la ndege ya Jim Bede: kilo 162 na ushei ikiwa tupu, urefu takriban mita 3.7, mabawa mita 5.2, mwendo wa karibu kilomita 480 kwa saa. Mheshimiwa wetu anadai kilo 148. Sipingi kwamba inawezekana. Siku hizi kuna turbini, yaani injini ndogo za jeti za ndege za modeli, zenye kilo chache tu na msukumo wa niutoni mia mbili na zaidi, na watu wamezifunga mbilimbili kwenye Cri-Cri na kuruka nazo mbele za watu. Hapo ndipo dai lake linapopasuka hata kabla ya kufika kwenye mizani. Kama kigezo ni uzito, chukua kiunzi cha Cri-Cri, toa injini za pistoni, weka turbini mbili za modeli na mafuta yake, uniambie utafikaje kilo 148. Nilimuuliza hivyo uso kwa uso. Akasema ile "haihesabiki". Kwa nini haihesabiki? Kimya. Basi kama kigezo ni kingine, akiandike. Tangazo lote halina sentensi hata moja inayosema anashindana na nani kwa kipimo gani.

Sasa mizani. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nilipofika nilikabidhiwa karatasi yenye namba tatu zilizokwishaandikwa, moja kwa kila gurudumu, na jumla yake chini. "Tumepima jana," nikaambiwa, "wewe weka saini tu." Nikauliza mizani iko wapi. Imerudishwa kwa mwenyewe. Cheti cha uhakiki wa mizani? Hakuna. Mizani ilikuwa mingapi? Mmoja, unahamishwa gurudumu hadi gurudumu.

Wanaojua kazi hii wameshaona tatizo. Ukiinua gurudumu moja ukaliweka juu ya mizani huku mengine yamebaki sakafuni, ndege inainama, sehemu ya mzigo inahamia kwenye magurudumu ya chini, na lile lililo juu linasoma pungufu. Ukirudia hivyo mara tatu, pungufu tatu zinajumlishwa. Kosa laweza kuwa dogo, lakini tunabishania kilo kumi na nne! Dawa yake inajulikana na ni rahisi: mizani mitatu, au vipande vya mbao vya kimo kilekile chini ya magurudumu yanayosubiri, pimamaji juu ya kiunzi, milango ya hanga imefungwa ili upepo usiguse mabawa. Nilikuwa tayari kuchonga mbao hizo pale pale.

Halafu nikaitazama ndege yenyewe. Betri ya kuwashia turbini ilikuwa juu ya meza. Kifuniko cha kioo cha rubani kilikuwa kimeegemezwa ukutani, eti kinasubiri kung'arishwa. Mikanda ya kiti haikuwepo. Nikauliza: jana wakati wa kupima, vitu hivi vilikuwa ndani au nje? Mmoja akasema ndani, mwingine akasema nje, wakiwa wamesimama bega kwa bega. Uzito wa ndege tupu maana yake ni ndege iliyo kamili kwa kuruka, ukitoa rubani na mafuta yanayotumika. Ukianza kuchomoa betri, kioo na mikanda, na mimi nitachomoa magurudumu nishinde.

Urefu na mabawa sikupima pia, kwa sababu hiyohiyo. Kazi ya nusu saa: timazi kutoka ncha ya kila bawa, alama sakafuni, tepu kati ya alama. Timazi nilikuwa nayo mfukoni. Nikaambiwa namdhalilisha mwenye nyumba.

Tuje kwenye kuruka. Nilionyeshwa video ya sekunde arobaini. Jeti inakimbia, magurudumu yanaacha lami, inasafiri kama mita moja juu ya njia, picha inakatika, kisha tunaona kitu kidogo angani kimepigwa kutoka chini, kisichosomeka namba wala rangi. Ndege yoyote ikiwa karibu na ardhi, chini ya kimo kinacholingana na upana wa mabawa yake, inabebwa kirahisi zaidi kwa sababu ukinzani wa hewa unapungua. Ikishavuka kimo hicho msaada huo unakwisha, na injini dhaifu hapo ndipo inapoumbuka. Kwa hiyo kurukaruka mita moja juu ya lami hakuthibitishi kwamba inaweza kupanda, kuzunguka uwanja na kurudi kutua. Nikaomba video nzima isiyokatwa, au iruke mbele yangu. Upepo mkali, nikaambiwa. Bendera iliyokuwa juu ya hanga ilikuwa imelala.

Msidhani namna ndege ilivyofika angani ni jambo dogo. Julai 2015 Airbus walijiandaa kuvuka mlango bahari wa Uingereza na Ufaransa kwa E-Fan yao ya umeme, wakavuka tarehe 10. Jioni ya kuamkia siku hiyo rubani Hugues Duval alikuwa ameshavuka na Cri-Cri ya umeme, lakini haikuondoka ardhini kwa nguvu zake, ilipandishwa na ndege nyingine kisha ikaachiwa. Nani wa kwanza? Watu waligawanyika, na wana haki ya kugawanyika, kwa sababu ukweli wote uliwekwa mezani: ilipandishwaje, saa ngapi, ikatua wapi. Duval hakuficha. Huyu wetu anaficha hata betri.

Mwendo wake nitaupitia haraka. Ametangaza kilomita 280 kwa saa kutoka kwenye GPS ya simu, upande mmoja tu. Kama ndege ina kilomita 230 kwenye hewa na upepo wa 50 unaisukuma kutoka nyuma, simu itasoma 280. Igeuze, itasoma 180. Ndiyo maana kwenye njia fupi iliyopimwa wanaruka pande zote mbili na kuchukua wastani.

Kilichonipandisha damu kuliko vyote ni sentensi isemayo dai "limewasilishwa shirikisho la kimataifa la anga kwa rekodi ya udogo". Shirikisho hilo, FAI, lililoanzishwa mwaka 1905 na ambalo makao yake sasa yako Lausanne, Uswisi, halina rekodi ya udogo! Linarekodi mwendo, kimo, umbali na mengine ya utendaji, na ndege inapangwa kwenye daraja kulingana na uzito wake wakati wa kuruka. Chini ya kilo 300 kuna daraja lake. Ukitaka rekodi huko, klabu ya taifa ya anga inateua mwangalizi rasmi, taarifa ya dai inapelekwa ndani ya siku 7, jalada kamili ndani ya siku 120, na kwenye mwendo lazima umpite mwenye rekodi kwa asilimia 1. Udogo ni wa Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, na Guinness nao wanataka mashahidi huru wasio na maslahi. Mashahidi wake, ukiniondoa mimi ambaye sikushuhudia, ni wawili: ndugu yake wa tumbo moja, na mteja aliyekwishalipa malipo ya awali.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Mteja. Kuna watu wanalipa. Michoro inauzwa, nafasi za kununua vifaa vya kuunganisha zinauzwa, na kinachouza ni hayo maneno "rekodi ya dunia" na jina langu chini yake. Historia ya ndege hizi inatosha kutuogopesha. Miaka ya 1970 maelfu ya watu walilipia vifaa vya BD-5, mtengenezaji wa injini akafilisika, injini zikakosekana, na mwaka 1979 kampuni ya Bede nayo ikafilisika. Zilizokuja kuruka ni mia chache tu. Na ile ilikuwa ndege ya kweli, iliyoruka, iliyobuniwa na mtu hodari! Sasa huyu anakusanya fedha kwa ndege ambayo hata mizani inaiogopa.

Na wanaosema "muacheni, ni kijana anajituma" nawaomba wafikirie wanaojituma kweli. Colomban alihesabu gramu hadi ndege nzima yenye injini mbili ikawa nyepesi kuliko watu wazima wengi. Starr aliirusha Bumble Bee II mwenyewe, na Mei 1988 injini ikamzimikia angani, ndege ikaharibika kabisa, naye akaumia vibaya sana. Hawa walilipia kila sentimita. Anayechomoa mikanda ya kiti ili namba ishuke anawafundisha wanunuzi wake kuruka bila mikanda. Mtu atakufa kwa ajili ya kilo mbili za mikanda na kioo.

NYONGEZA: Kuna mdau ameandika hapo chini kwamba mimi nilidai hela ndiyo nitie saini, sikupewa, nikasusa. Ni uongo. Nilikwenda kwa nauli yangu, nikala chakula changu. Mwenye ushahidi wa hata senti moja auweke hapa.

NYONGEZA 2: Mwenyewe ameniandikia faraghani kwamba nikifuta uzi atanikaribisha "kupima upya kwa utulivu". Jibu langu naliweka hadharani. Uzi haufutwi. Kupima nitakuja, kwa masharti haya: mizani mitatu yenye vyeti vya uhakiki, ndege kamili yenye betri, kioo na mikanda, mashahidi wengine wawili nisiowajua mimi wala wewe, na kamera moja isiyokatwa tangu ndege inasukumwa nje ya hanga, inapimwa, inaruka, inazunguka uwanja, inatua, hadi inapimwa tena. Ikisoma kilo 148, nitaandika 148 na kutia saini kwa mkono wangu, na nitakuja hapahapa kusema nilikuona vibaya.

Ila jina langu liondolewe kwenye lile tangazo leo, kabla mtu mwingine hajalipa.