Spika ziko sebuleni, muziki uko kwenye laptopu: "Connection refused" na sauti kukatakata

mpenda_besi: Wakuu, naombeni msaada. Kompyuta ya mezani ya sebuleni (Debian 12) ndiyo yenye spika, na nataka laptopu yangu ya Fedora ipigie muziki huko. Zote zinatumia PipeWire (programu inayosimamia sauti kwenye Linux). Sebuleni natoa amri `pactl load-module module-native-protocol-tcp auth-anonymous=1`, kwenye laptopu `pactl load-module module-tunnel-sink server=tcp:192.168.1.20`, na sauti inatoka. Lakini ya sebuleni ikizimwa na kuwashwa, napata "Connection refused" mpaka mtu akae pale, aingie kwenye akaunti na kurudia amri. Pia sauti inakatakata kwenye Wi-Fi. Nikichomeka waya inatulia. Faiwoli nimezima, hakuna tofauti.

waya_mrefu: Mkuu, washa faiwoli yako, haihusiki. "Connection refused" maana yake kompyuta imepokea ombi lako na kujibu kwamba kwenye poti ile hakuna programu inayosikiliza. Faiwoli ikizuia, mara nyingi unasubiri bila jibu mpaka muda uishe. Ukiwasha upya, toa `ss -tln` pale sebuleni, hutaiona 4713, poti ambayo moduli yako ya mtandao hutumia.

Sababu ni kwamba PipeWire ni huduma ya mtumiaji. Kabla hujaingia kwenye akaunti, haijaanza. Na moduli uliyoipakia kwa `pactl` inapotea huduma ikizimika. Tengeneza faili `~/.config/pipewire/pipewire-pulse.conf.d/mtandao.conf`, uweke:

`pulse.cmd = [ { cmd = "load-module" args = "module-native-protocol-tcp auth-anonymous=1" flags = [ ] } ]`

Kisha `systemctl --user enable pipewire-pulse.service`, halafu `sudo loginctl enable-linger jina_lako` ili huduma zako zianze hata kama hakuna aliyeingia.

Ile `auth-anonymous=1` inamruhusu yeyote kwenye mtandao wako kuunganisha, na anayeunganisha anaweza kusikiliza maikrofoni pia, si kupiga muziki tu. Hilo nalisisitiza. Ruhusu laptopu yako peke yake kwenye faiwoli (ufw): `sudo ufw allow from 192.168.1.35 to any port 4713 proto tcp`, na kwenye rauta uipe laptopu anwani hiyo isiyobadilika.

mpenda_besi: Asante sana mkuu. Sasa 4713 ipo hata baada ya kuwasha upya na laptopu inaunganika, lakini kimya! `pactl list short sinks` sebuleni inaonyesha `auto_null` tu (spika bandia isiyotoa sauti). Nikiingia kwenye akaunti, kadi ya sauti inatokea.

waya_mrefu: Hiyo ni ruhusa. Aliyekaa mbele ya kompyuta hupewa vifaa vya `/dev/snd` pale anapoingia; huduma inayojiendesha yenyewe haipewi. Jiongeze kwenye kundi: `sudo usermod -aG audio jina_lako`, uwashe upya.

antena2: Kuhusu kukatakata, jaribu RTP ya multikasti (kurusha sauti mara moja kwa wapokeaji wengi kwenye mtandao), ni nyepesi.

waya_mrefu: Kwa Wi-Fi simshauri mtu. Pakiti za multikasti hazithibitishwi kupokelewa na kwa kawaida hurushwa kwa kasi ya chini, kwa hiyo zinapotea na kuwachelewesha wengine. Tatizo la mpenda_besi si ukubwa wa data hata kidogo: biti 16, chaneli 2, hezi 48,000 ni kama megabiti 1.5 kwa sekunde. Ni ucheleweshaji. Mpenda_besi, acha `ping 192.168.1.20` ikiendelea huku muziki unapiga, kisha angalia `iw dev wlan0 get power_save` (weka jina la kadi yako).

mpenda_besi: Kundi la audio limemaliza lile, sauti inatoka bila mtu kuingia. Ping inacheza kati ya milisekunde 3 na zaidi ya 200, na power_save iko "on".

waya_mrefu: Basi ndiyo hiyo. Kadi inasinzia kuokoa betri na pakiti zinapanga foleni. Izime moja kwa moja: `nmcli connection modify "jina la Wi-Fi" 802-11-wireless.powersave 2`, ukate na kuunganisha tena. Zikibaki chembe za kukatika, ongeza `latency_msec=400` (akiba ya sauti ya milisekunde 400) kwenye module-tunnel-sink. Kwa muziki ni sawa. Kwa video, midomo itatangulia sauti.

mpenda_besi: Ping imetulia chini ya 10, na muziki haukatiki. Latency sijaigusa.